Atlasi ya mtandaoni inasema kinyonga wa pembe tatu yuko Ngamiani barabara ya 12. Nani kamwona?

#1 Mwana Pongwe

Wakuu, habari za jioni.

Nina swali, naomba msinicheke mapema. Kuna hizi atlasi za mtandaoni za mimea na wanyama. Unafungua ramani, unagusa jina la mnyama, zinatokea nukta za mahali alipowahi kuonekana. Mdogo wangu yuko sekondari, kapewa kazi ya kuorodhesha viumbe vya mkoa wetu, ndiyo nikaingia humo kumsaidia.

Nikamtafuta kinyonga wa pembe tatu, yule wa Usambara, Trioceros deremensis. Nukta zimejaa Amani, nyingine ziko Lushoto huko. Sawa. Ila kuna nukta moja imejitenga, imekaa Tanga mjini. Nikaivuta ramani mpaka mwisho: Ngamiani, barabara ya 12. Sasa mimi nina genge la mboga barabara ya 12, mwaka wa sita huu. Nimeona paka, mbuzi wa watu, kunguru wasiohesabika, na mara moja chatu katoka kwenye mtaro watu wakapanda juu ya meza zangu. Kinyonga mwenye pembe, hapana.

Nikageukia upande wa pili, nikamtafuta ndege dudumizi. Nyumbani kwa mama, Pongwe, dudumizi analia kila alfajiri, na wingu likijikusanya ndiyo hanyamazi kabisa. Ramani inasemaje? Pongwe nzima peupe.

Asiyekuwepo kaandikwa, aliyepo hakuandikwa. Hizi ramani anazichora nani?

#2 Kashata Moto

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wataalamu.

#3 Nukta na Mkato

Mleta uzi, jibu ni rahisi. Wanyama wanaowindwa kwa biashara hufichwa mahali pao halisi. Chukua mfano wa iNaturalist, mtandao ambao watu hupandisha picha za viumbe walivyoviona: mnyama akiwa kwenye kundi la hatari, mfumo hauonyeshi alipopigwa picha. Unachukua mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, kama kilomita 22 kila upande, halafu nukta inatupwa popote ndani ya mraba huo. Huyo kinyonga yuko msituni kwake anakula nzi. Nukta ndiyo imetupwa gengeni kwako.

Kwa dudumizi, hakuna mtu aliyempiga picha Pongwe akaipandisha. Basi.

#4 BintiKilindi

@Nukta na Mkato hapo #3 umekwenda mbio. Amani iko karibu longitudo 38.6, Tanga mjini ni 39.1. Nusu nyuzi hiyo, kwa njia ya ndege ni kama kilomita 50. Mraba wa kilomita 22 utamtoaje kinyonga Amani hadi Ngamiani? Labda apande basi Muheza.

#5 Nukta na Mkato

Nimekuelewa, hesabu yako iko sawa. Labda ametupwa kutoka msitu wa karibu zaidi, kuna vilima vya huku chini.

#6 BintiKilindi

Huyo ni wa msitu wa mlimani wenye baridi na ukungu. Huku chini utakutana na kinyonga wa kawaida, Chamaeleo dilepis, mwenye masikio kama mapazia. Huyo hana pembe hata moja. Na hata wa pembe tatu, mwenye pembe ni dume tu. Jike hana. Kwa hiyo kabla ya yote, mleta uzi tueleze: hiyo nukta ina picha?

#7 Bodaboda Muheza

Mimi nimebeba watafiti kupanda Amani miaka na miaka, niulizeni mimi. Wale wana mtindo mmoja. Kutwa nzima wanapiga picha kwa kamera kubwa, hizi za kuning'iniza shingoni, nyingi hazishiki lokesheni. Kule juu mtandao unapatikana kwa kuvizia. Usiku wanashuka mjini, wanaoga, wanakula, wakishapata intaneti ya gesti ndiyo wanapandisha picha. Programu inawauliza "umemwona wapi?", yeye kachoka, anabonyeza "hapa nilipo". Hapo alipo ni wapi? Gesti ya barabara ya 12!

Kuna mmoja nilimshuhudia kwa macho yangu. Tulimkuta kinyonga karibu na mashamba ya chai, jioni alipoonyesha simu nukta iko Muheza stendi. Nikamwambia bosi, huyu kinyonga anasubiri gari la Tanga? Akacheka, akarekebisha. Wangapi hawana dereva wa kuwaambia?

#8 Kashata Moto

😂😂 Kinyonga anasubiri Coaster.

#9 Chatu Mpole

Tanga waja leo waondoka leo, sasa hata vinyonga.

Ila chatu wa mtaroni aliyetajwa #1 ni ndugu yangu, naomba heshima.

#10 Mwana Pongwe

Nimerudi. @BintiKilindi nimeifungua tena hiyo nukta. HAINA PICHA. Imeandikwa ni kielelezo cha makumbusho, mahali: "Tanga". Tarehe wameweka 1 Januari, mwaka hakuna. Jina lililoandikwa la mwanzo ni Chamaeleo deremensis.

Samahani, jana nilitazama ramani tu, sikufungua maelezo.

#11 Nukta na Mkato

Ohoo. Hapo mambo yamegeuka.

Iko hivi. Makumbusho na mahabaria (hazina za mimea iliyokaushwa) za Ulaya na Marekani zina vielelezo vya zamani, mnyama ndani ya spiriti au mmea uliokaushwa, kila kimoja na lebo yake. Siku hizi lebo zinaingizwa kwenye kompyuta na kupelekwa kwenye hazina ya pamoja, GBIF, iliyoanzishwa 2001, makao yake Copenhagen. Atlasi nyingi huchota humo. Lebo ya zamani haina latitudo wala longitudo, ina neno "Tanga" tu. Kompyuta haijui kusema "sijui". Inatafuta Tanga ni wapi, inachomeka pini katikati. Hiyo 1 Januari pia ni dalili: tarehe ikikosekana, mifumo mingine hujaza siku ya kwanza ya mwaka.

Zikikosekana namba kabisa zikaandikwa sifuri kwa sifuri, mnyama anaangukia baharini Ghuba ya Guinea. Huko kuna simba, twiga, mibuyu, kila kitu kinaogelea.

#12 Mpiga Jarife

Katikati ya Tanga ipi? Tanga ni jiji, na Tanga ni mkoa. Mkoa una Lushoto, Handeni, Kilindi, Korogwe, Pangani. Mtu wa Dar akisema "naenda Tanga" anaweza kuwa anakwenda Mombo. Na mzungu wa zamani vilevile.

#13 BintiKilindi

Hoja nzuri hiyo, ila kompyuta ingekuwa imechukua katikati ya mkoa, pini ingeangukia mbali huko Korogwe au Handeni, si Ngamiani. Kwa hiyo imechukua jiji. Na aliyeandika lebo huenda alikuwa na maana ya mkoa. Kosa liko kati ya watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja keshakufa.

#14 Baba Iliki

Nawasalimu vijana.

Mimi nilikuwa mhudumu Amani enzi zetu, sasa nimestaafu, nalima iliki na pilipili manga. Nasoma hapa kwa simu ya mjukuu, herufi ndogo, mtanisamehe nikikosea.

Lebo nazijua. Tuliandika kwa penseli, si kwa kalamu, kwa sababu wino ukiingia kwenye spiriti unayeyuka, unabaki na karatasi nyeupe na kinyonga asiye na kwao. Mmea ulikuwa unalazwa ndani ya gazeti, gazeti juu ya gazeti, halafu mbao mbili na mikanda, unakaza. Kila siku unabadilisha gazeti, la sivyo unaota ukungu. Msimu wa masika tulikuwa tunaweka juu ya joto la mkaa, mtu mmoja anakesha asije akaunguza. Nimesoma magazeti mengi ya zamani kwa kazi ile.

Sasa lebo. Bwana mkubwa alikuwa anatuambia andika kijiji, mto, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la Kisambaa kama lipo. Tukiwa na nafasi tuliandika vyote. Mvua ikitukuta na mzigo unatakiwa kuondoka kesho, mtu anaandika fupi. Na sanduku likifika bandarini, nje huandikwa lilikopakiliwa: TANGA. Lebo ya ndani ikipotea njiani, wanaofungua kule wanasoma ya nje. Mimi nadhani kinyonga wenu ni wa hivyo.

#15 Kashata Moto

Mzee @Baba Iliki shikamoo. Hili ndilo bandiko la uzi.

#16 Nukta na Mkato

Shikamoo mzee. Tusaidie, wewe mwenyewe uliwahi kuandika "Tanga" peke yake?

#17 Baba Iliki

Marahaba. Mara mbili tatu. Mjukuu ananicheka hapa.

#18 Simba wa Duga

Ninyi mnazungumza lebo, hamjiulizi hivyo vielelezo viliondokaje. Mjerumani kaja, kajenga kituo Amani 1902, kabeba miti, maua, wadudu, vyura, vyote Berlin. Leo tunaingia mtandaoni kuomba tuone vya kwetu kwa nukta. Hata lile ua wanalouza Ulaya kwenye kila dirisha la nyumba limetoka huku.

#19 Mtoto wa Derema

@Simba wa Duga ua unalosema ni Saintpaulia. Alilichukua Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku, 1892, akampelekea baba yake Ujerumani. 1893 likapewa jina lake. Na vitu havikutoka tu, viliingia pia. Mkonge wenyewe si wa huku, uliletwa 1893 na Richard Hindorf. Miche kama elfu moja ilitoka Florida, iliyofika hai 62. Mti wa Maesopsis nao ulipandwa Amani na Wajerumani, kwao hasa ni kule Uganda wanakouita musizi, sasa umesambaa msitu mzima na ndege hondohondo wanazidi kuutawanya mbegu.

Kwenye atlasi ukitazama nukta za Maesopsis pale Amani huwezi kujua kuwa ni mgeni. Nukta ni nukta.

#20 Simba wa Duga

Kwa hiyo mkonge tuuweke kwenye atlasi ya mimea ya Tanga au tusiuweke?

#21 Chatu Mpole

Tuuweke na pasipoti yake.

#22 Simba wa Duga

Halafu nasikia hivyo vielelezo vya Usambara viliungua vyote Berlin vita ya pili. Kwa hiyo hata huyo kinyonga wanaemwandika hayupo tena.

#23 Mtoto wa Derema

Viliungua, ila si vyote. Iliyoungua ni mahabaria ya Berlin, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, na mimea mingi ya huku iliteketea. Makumbusho ya wanyama ni jumba jingine. Kinyonga hawezi kuungulia kwenye mimea, labda alikuwa anatembea.

Na si vyote vilikwenda Ulaya. Mkusanyiko wa mimea wa Amani ulihamishiwa Nairobi karibu na 1950, kituo cha utafiti kilipohama. Ni mwendo wa siku moja kwa basi, mtu mwenye hoja anaweza kwenda.

#24 Mpiga Jarife

Mmezungumza milima, ngoja niwarudishe baharini.

Mimi navua huku Kigombe. Silikanti mnamjua? Yule samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha zama za dinosaria, mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Wakomoro wanamwita gombessa. Huku Tanga alianza kunasa kwenye majarife ya papa kuanzia 2004, mmoja baada ya mwingine, tena wakubwa. 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kilomita za mraba 552. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tunamwona samaki wa ajabu tu, magamba magumu, mapezi kama vikono, nyama mafuta matupu, ukiila tumbo linakutangaza.

Sasa fungua atlasi umtafute. Nukta zake zimekaa pale walipopigwa picha, maana yake ni ufukweni au dikoni mezani. Hakuna silikanti anayeishi mezani. Anaishi chini huko kwenye miamba na mapango, nyavu zimetegwa kwenye mita mia na zaidi. Nukta inaonyesha mtu alipokuwa, haionyeshi samaki alipokuwa.

#25 Bodaboda Muheza

Sawa kabisa na hoja yangu ya gesti #7.

#26 BintiKilindi

Si sawa kabisa. Kinyonga wa mleta uzi hana picha, tumeshaona #10. Hoja ya gesti ni nzuri ila si ya nukta hii.

#27 Bodaboda Muheza

Dada, una roho ngumu wewe. Nipe hata nusu.

#28 Mpiga Jarife

Lingine. Nukta hazizeeki. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje, kasa wanapanda kutaga. Mivinje iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama lote. Ukiona nukta ya kasa pale, ni ya jana au ya wakati wa babu? Hapo kasa wamekwisha.

#29 Mwanamaji wa Ushongo

Hawajaisha kaka. Bado wanapanda, desturi ya kasa ni kurudi alikozaliwa. Ni mayai ndiyo yasingesalimika, yakizama yanaoza, ndiyo maana huhamishiwa huku Ushongo yaanguliwe. Kwa hiyo nukta ya vifaranga iko Ushongo na ya mama iko Maziwe. Watu wa atlasi mtawachanganya.

#30 Mpiga Jarife

Ahsante kwa kunisahihisha. Mimi pale napita mbali.

#31 Mama Machungwa

Mimi narudi kwa dudumizi maana naona mmemsahau. Tatizo ni jina. Huku kwetu Muheza tunamwita dudumizi, jirani yangu Mbondei anamwita vingine, na kwenye vitabu nimeona tipitipi na shundi. Ukiandika "dudumizi" kwenye kisanduku cha kutafuta, programu inaweza isijue unamtaka nani. Mleta uzi ulitafuta kwa jina gani?

#32 Mwana Pongwe

Niliandika dudumizi ikakataa. Nikaandika tipitipi akaja, Centropus superciliosus, picha ni yeye mwenyewe, macho mekundu, mgongo wa kahawia. Kwa hiyo si jina. Nukta ndiyo hakuna.

#33 Mpiga Jarife

Suala la jina ni kubwa kuliko mnavyodhani. Watu wa mjini kila mti uliosimama kwenye matope ni "mkoko". Wengine wanasema "mikandaa". Sisi tunaojenga na kuvua tunajua mkoko ni ule wenye mizizi kama miguu ya kaa. Mkandaa ni mwingine, ndiyo tunaokata boriti. Mchu una mizizi inayochomoza juu kama penseli. Mlilana ndiyo unaotangulia baharini, unatoa mataruma ya mashua. Mkomafi una tunda kubwa la duara. Sasa mwanafunzi akiniuliza "huu mti unaitwaje" nikamjibu mkandaa, yeye kwenye atlasi akaandika mikoko yote, nani kakosea?

Na ngedere je? Bara wanamwita ngedere mnyama ambaye sisi ni tumbili, na wengine kwao ngedere ni kima. Msinianzie.

#34 Chatu Mpole

Umeshaanza wewe mwenyewe.

#35 Mtoto wa Derema

Wataalamu nao hubadilisha. Saintpaulia tangu 2015 imeingizwa kwenye kundi la Streptocarpus, ukitafuta jina la zamani pengine unapata nusu ya nukta. Kinyonga wa uzi huu alikuwa Chamaeleo, sasa Trioceros. Ila wakati mwingine wanatukumbuka: 2006 vinyonga wadogo wa milima yetu walipewa jina la jenasi Kinyongia. Na kuna chura wa Ukaguru alipewa jina 2002, Churamiti maridadi. Hilo halihitaji mkalimani.

#36 Kashata Moto

Churamiti maridadi!! Mwanangu wa pili namwita hivyo.

#37 Nukta na Mkato

Kuhusu Pongwe kuwa peupe, kuna kitu hakijasemwa. Kuna atlasi za aina mbili na tunazichanganya. Moja ni ya nukta: yeyote anapandisha picha popote. Nyingine ni ya miraba. Ramani ya Ndege ya Kenya iliyoanza 2013 iko hivyo, na Afrika Kusini vilevile. Nchi inakatwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5, kama kilomita 9 kila upande. Mtu anaingia kwenye mraba, anakaa saa mbili au zaidi, anaandika KILA ndege aliyemwona au kumsikia, kwa mfuatano. Hapo mraba ukiwa mtupu unajua maana yake: hakuna aliyekwenda. Na ukiwa umeandikwa bila dudumizi, mtu alikwenda na hakumsikia. Tanzania nayo ina mradi wa atlasi ya ndege tangu miaka ya 1980.

Kwenye ya nukta, peupe ni peupe tu. Tazama nukta za mkoa huu uone zilivyo: Amani, Lushoto, Saadani, na mstari wa barabara kuu. Ndege wanaoishi mbali na lami ni kama hawakuzaliwa.

#38 Mama Machungwa

Hapo nimekuelewa. Ndege wa Pongwe kosa lake ni kuishi karibu na kiwanda badala ya hoteli.

#39 Mwana Pongwe

@Mama Machungwa 😂 umemaliza.

#40 Mkia wa Mjusi

Naingia kwa kuchelewa. Wote mmeacha jambo moja: biashara. Mimi nimekulia Muheza. Utotoni, miaka ya 90, kulikuwa na watu wakinunua vinyonga kwa watoto. Tuliwaogopa vinyonga, tumefundishwa kwamba akikuuma mpaka radi ipige ndiyo aachie, lakini hela ni hela. Tunawashika kwa kijiti. Anapanda kijiti polepole anayumba mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta mlango, unamtia kwenye mfuko wa kitambaa. Nimewaona wa pembe tatu wawili ndani ya boksi la matundu nyuma ya duka, mmoja kawa mweusi kwa hasira. Boksi lilikuwa linateremka Tanga.

Mnunuzi akiulizwa wametoka wapi, unadhani atasema msitu gani? Anasema Tanga. Usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipigwa marufuku 2016, lakini makaratasi ya nyuma yamebaki na "Tanga" zake. Na pengine mmoja alitoroka kwenye boksi, akaishi siku mbili barabara ya 12. Nukta iwe ya kweli.

#41 BintiKilindi

Hii nayo inaingia akilini, ndiyo inanikera. Sasa tuna lebo fupi ya mvua, sanduku la bandarini, kompyuta iliyochomeka pini katikati ya jiji, mnunuzi mwongo, na kinyonga mtoro. Zote zinaishia kwenye neno moja. Mleta uzi, hakuna namba ya kielelezo? Makumbusho yapi?

#42 Mwana Pongwe

Namba ipo. Nimebonyeza kitufe cha kuripoti hitilafu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha genge: mimi nafanya kazi hapo ilipo nukta, hakuna msitu, kuna nyanya. Wakijibu nitaleta.

#43 Baba Iliki

Waombe wakupigie picha lebo yenyewe. Siyo ile iliyochapwa na mashine, ile ya karatasi. Mwandiko nitaujua.

#44 Simba wa Duga

Mzee kama ni mwandiko wako je?

#45 Baba Iliki

Basi nitamwomba radhi kinyonga.

#46 Mwana Pongwe

Wakuu, wiki mbili zimepita. Hitilafu niliyoripoti imeandikwa "imepokelewa", mpaka leo ndiyo hivyo.

Ila Ijumaa nililala kwa mama. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka na simu, nikasimama nyuma ya jiko karibu na mgomba. Dudumizi akaanza, tu-tu-tu-tu akishuka, kama mtu anamimina maji kwenye chupa. Nikarekodi dakika nzima, mama anasema funga mlango mbu wanaingia. Nikapandisha palepale Pongwe, lokesheni imewashwa, @Bodaboda Muheza usinilaumu. Nikaandika Centropus superciliosus.

Baada ya saa mbili mtambuzi wa kwanza akaja, yuko Uholanzi kwa maelezo yake. Kaandika: "Nasikia jogoo." Wa pili na wa tatu wakamuunga mkono. Sasa watatu dhidi ya mmoja, rekodi yangu imebadilishwa jina ikawa kuku, na kuku ni wa kufugwa, kwa hiyo imetupwa pembeni.

Nimeisikiliza tena. Ni kweli jogoo wa jirani anawika sekunde ya tano, ya kumi na saba na ya arobaini. Dudumizi yupo katikati yao.

#47 Kashata Moto

Kwa hiyo Pongwe sasa ina nukta, ya kuku 😂😂😂

#48 BintiKilindi

Nipe kiungo, naingia kukupigia kura. @Nukta na Mkato na wewe njoo. Lazima tuwe zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi ndipo jina libadilike.

#49 Mama Machungwa

Na mimi mnifundishe kujisajili. Jogoo wa nani huyo lakini?